Somo Ambalo Baba Alikwenda Kunitafutia

Siku muuguzi alipokuja shuleni kuwafundisha wasichana mambo ya mwili na ya sida, yaani ukimwi, mimi niliachwa barazani nilinde mifuko. Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Mwalimu wetu alikuwa mama mwema. Kila asubuhi alinishikia mlango nipite na magongo yangu. Siku hiyo aliwapanga wenzangu mstari, akawaingiza darasani mmoja mmoja, halafu akanigeukia.

“Weye, mama, bakia hapa na mifuko. Hii mambo haikuangalie.”

Maana yake, hayanihusu. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayempunguzia mwenzake mzigo. Nikakaa chini, nikainyoosha miguu yangu katikati ya mifuko, nikasikiliza vicheko vilivyotoka dirishani. Wenzangu walipotoka nyuso zao zilikuwa za moto, wanashikana mikono, wananong’ona. Hakuna aliyenieleza kitu. Nami sikuuliza, maana nilikuwa nimekwisha kuzoea kwamba kuna mambo ya wasichana na kuna mambo yangu.

Miguu yangu ilikauka nilipokuwa na miaka mitatu. Nilipata homa, nikachomwa sindano, na baada ya hapo magoti hayakunibeba tena. Wengine walisema ni homa, wengine walisema ni sindano. Baba hakupoteza muda kwenye ubishi huo. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, wakati ule bado ana kazi kiwandani, na jioni moja alirudi na vyuma vyembamba viwili alivyovipinda kwa kipimo cha miguu yangu, akavifunga kwa ngozi ya mkanda wake. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kusimama. Kila nilipokua, alinitengenezea vingine. Mama alifariki akijifungua, na mtoto hakuishi, nikiwa na miaka sita. Tukabaki wawili katika nyumba yetu ya matofali kwenye kambi ya wafanyakazi, hapa Likasi. Kazi ya kiwanda ilipokwisha, baba akaanza kutengeneza milango na madirisha uani kwetu.

Jioni ya siku ile ya mifuko tulikula bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, kama kawaida. Nilimsimulia habari za shule, na hiyo nayo nikaiweka humo, kama habari nyingine yoyote.

“Balikuacha inje?” aliuliza.

“Nililinda mifuko, papa.”

“Juu ya nini?”

“Mwalimu alisema haiangalie minye.”

Alikuwa ameshika tonge mkononi. Akalirudisha sahanini, akanawa, akatoka nje. Nikadhani nimekosea kusema.

Asubuhi alioga mapema, akavaa shati lake la misa, akapanda baiskeli. Nilijua anakwenda shuleni kugombana na mwalimu, na siku nzima nilisubiri aibu hiyo darasani. Hakuja. Miaka mingi ilipita kabla sijajua alikokwenda. Aliyeniambia ni muuguzi mwenyewe, mama mnene mwenye goti bovu, ambaye hadi leo anacheka akikumbuka. Baba alikwenda kituo cha afya, akakaa kwenye foleni pamoja na wanawake wajawazito, kofia juu ya magoti, tangu asubuhi hadi zamu yake ilipofika. Muuguzi alidhani ana ugonjwa wa siri.

“Papa, unaumwa fasi gani?”

“Siumwe. Nataka unifundishe ile munafundishaka babinti.”

“Weye?”

“Minye. Niko na binti mumoja, na mama yake haiko tena. Balimuacha inje. Unifundishe yote, nitamufundisha minye.”

Muuguzi alisema alitaka kucheka, akashindwa. Akafunga mlango, akamfundisha yote, na baba akawa anaandika. Hakuwa na daftari. Aliandika kwenye kipande cha kadibodi cha pakiti ya fimbo za kuchomelea, pande zote mbili, kwa herufi zile kubwa alizokuwa akiandikia vipimo vya milango.

Kadibodi hiyo ilikaa mfukoni mwake siku kadhaa. Niliiona, nikadhani ni oda ya mtu. Halafu mchana mmoja umeme ulikatika. Umeme wetu unatoka bwawa la Koni, na ukikatika mashine ya kuchomelea inalala, na baba hana la kufanya ila kukwangua kutu. Aliniita uani. Akaniambia niketi kwenye benchi la wateja. Yeye akaketi kwenye kigoda akinipa mgongo, akaibana bawaba ya mlango katikati ya magoti, akaanza kuipiga tupa. Kadibodi aliiweka chini karibu na mguu wake.

“Kwanza,” alisema, “uko na miaka kumi na tano. Mwili yako iko natengeneza mambo.”

Nikacheka. Hakugeuka. Tupa iliendelea.

Alisoma kuanzia juu hadi chini. Damu ya kila mwezi, ambayo tayari nilikuwa naijua, maana jirani alikwisha kunionyesha vitambaa. Mimba inavyoingia. Sida inavyoingia, na isivyoingia. Kuna maneno ambayo hakuweza kuyatamka kwa Kiswahili mbele ya binti yake, hayo aliyasema kwa Kifaransa, taratibu, kama mtu anayeshika chuma cha moto kwa koleo. Alipofika kwenye kapoti, yaani kondomu, alitoa moja mfukoni, aliyopewa na muuguzi, akaiweka juu ya benchi kwa kurudisha mkono nyuma, bado hajageuka.

“Ufungue. Uangalie. Usiogope.”

Nikaifungua. Ilikuwa na mafuta, ikaniponyoka. Nikacheka tena, na safari hii niliona mabega yake yakitikisika, naye akicheka kimyakimya.

Baadaye nikamuuliza swali ambalo halikuwa kwenye kadibodi.

“Papa, hii yote, na minye vilevile?”

“Na weye vilevile. Ugonjwa hauangalie miguu.”

“Na banaume? Kuko atakayenitaka minye?”

Tupa ilisimama. Nilimsikia akivuta pumzi.

“Atakuya,” alisema. “Na wengine watakuya na uongo. Njo maana ninakwambia.”

Umeme uliporudi alisimama haraka, kama mtu aliyeitwa, akavaa miwani yake myeusi. Hatukuzungumza tena habari hizo kwa miaka sita. Lakini kadibodi ilibaki kwangu. Niliiweka chini ya nguo zangu sandukuni.

Nilipomaliza shule nikajifunza kushona. Baba alinunua cherehani kuukuu ya miguu, akaiondoa pedali, akaitengenezea mpini wa kuzungusha kwa mkono wa kulia. Niliweka meza yangu upande wa pili wa ua. Yeye alichomelea kule, mimi nilishona huku. Watu walileta milango na suruali kwa safari moja.

Mmoja wao alikuwa mchimbaji wa madini upande wa Kambove. Hapa nitasema kwamba yeye mwenyewe ameniruhusu kuandika, mradi nisimtaje jina. Suruali zake zilitoboka magotini kila wiki, kwa sababu huko mashimoni watu hutambaa. Alikuwa na sauti ya taratibu. Watu wengi wakizungumza nami, ama wanaitazama miguu yangu tu, ama wanajitahidi kabisa wasiitazame. Yeye aliitazama mara moja, siku ya kwanza, akauliza, “Inakuumaka?” Nikamwambia inauma wakati wa baridi, mwezi wa sita na wa saba. Akatikisa kichwa, akaanza kunieleza juu ya bega lake ambalo nalo linauma wakati wa baridi. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilirudia mshono wa suruali yake mara mbili ili akae zaidi.

Akawa anakuja hata bila suruali ya kushona. Alileta parachichi, alileta mahindi ya kuchoma. Alinisimulia hadithi za mashimoni mpaka nikaacha kuzungusha mpini. Lakini hakuwahi kutembea nami barabarani. Nikimwambia tufuatane hadi sokoni, alikuwa na haraka. Nililiona hilo, nikalikunja, nikaliweka pembeni.

Mchana mmoja wa masika baba alikuwa amekwenda Kakanda kufunga geti, na mvua ilinyesha kwa nguvu. Tuliingiza vitambaa ndani, tukabaki ndani. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nilijua yote yaliyoandikwa pande zote mbili za kadibodi, na nilimwambia. Nilimwambia tutumie kapoti.

Alitabasamu, akanishika uso. “Weye hauna nayo ugonjwa. Bantu kama weye beko safi. Nani alikugusaka?”

Nimelifikiria neno hilo mara nyingi. Lilikuwa tusi, nami nililipokea kama sifa. Ningeweza kusema kwamba alinidanganya, lakini hakunidanganya, aliamini alichosema. Na mimi sikusahau somo la baba. Nililikumbuka neno kwa neno. Ila nilikuwa nimesubiri muda mrefu sana mtu anitake, nikaogopa kwamba nikishikilia neno langu atachukua kofia yake aondoke kwenye mvua, na hatakuja mwingine. Kadibodi haikuwa na mstari kuhusu hilo.

Baada ya hapo hakuja siku moja, ya pili, ya tatu. Simu aliipokea mara moja, akasema yuko shimoni. Sikuweza kula. Siku ya nne baba alizima mashine yake mapema, akavua glavu, akaja kuketi kwenye benchi mbele ya cherehani yangu.

“Mama, kuko nini?”

“Papa, nilikosea. Ile uliandikaka, sikuifuata.”

Alielewa. Nilimwona anaelewa, kuanzia machoni kushuka hadi mikononi.

“Alikulazimisha?”

“Hapana, papa. Nilitaka.”

Nadhani ingekuwa rahisi zaidi kwake kama ningesema nililazimishwa. Angejua wapi pa kupeleka hasira. Alikaa akiyatazama mavumbi ya chuma kwenye viatu vyake, na mimi nikatazama mpini wa cherehani. Nilisubiri aseme juu ya mama yangu, au juu ya watu wa shirika letu pale kanisani, wanaosali nyumbani kwetu kila juma na kumwita mzee.

“Basi uko mwanamuke,” alisema mwishowe. “Kesho tutaenda ku sante.”

Tulikwenda kwa pikipiki ya kukodi, mimi katikati, magongo ameyashika baba nyuma yangu. Kwenye kituo cha afya kijana aliyekaa mezani alimtazama baba.

“Huyu eko na shida gani?”

“Umuulize yeye,” baba alijibu. “Kinywa yake haina kilema.”

Kijana akaniuliza mimi, kwa sauti kubwa kidogo, kana kwamba mimi pia ni kiziwi. Nikasema nimekuja kupima. Wanawake wawili kwenye foleni waligeuka. Mmoja akasema polepole, ila nikasikia, “Nani alimufanya vile, masikini?” Hakuwazia hata kidogo kwamba mtu kama mimi angeweza kupenda.

Muuguzi mwenye goti bovu ndiye aliyetupokea. Alimtambua baba mara moja. Akamshika bega, akamgeuza kuelekea mlangoni.

“Weye ulikwisha kusoma. Leo ni zamu yake. Ungoje inje.”

Baba akatoka. Tukabaki wawili, nikamweleza kila kitu, na alikuwa mtu wa kwanza ambaye hakushangaa. Aliniuliza siku ngapi zimepita.

“Tano.”

Akafumba macho kidogo. “Ungekuya mbele ya siku tatu kuisha, kuko dawa ya kuzuia. Unakunywa mwezi muzima. Sasa saa yake imepita.”

“Sikuyua, mama. Haikuandikwa.”

“Ni minye sikumwambia baba yako. Ni kosa langu.”

Alitaka kunichunguza, aone kama kuna ugonjwa mwingine wa zinaa. Kitanda cha kupimia kilikuwa kirefu, kinanifika kifuani. Hakukuwa na ngazi. Akasema atawaita wanaume wawili wanipandishe. Nikasema hapana. Nilisema afadhali nirudi nyumbani kuliko wanaume wasionijua waninyanyue nikiwa nusu uchi. Alinitazama, akafunga mlango kwa ufunguo, akachukua godoro jembamba lililokuwa limesimama ukutani, akalitandika sakafuni na juu yake kitambaa safi. Nikajishusha polepole kwa magongo yangu. Halafu yeye, kwa umri wake na goti lake, akapiga magoti kando yangu juu ya saruji. Nilisikia goti likilia. Alifanya kazi yake bila haraka, akinieleza kila alichotaka kufanya kabla ya kukifanya. Alipomaliza hakuweza kusimama. Nikampa gongo langu moja, tukasimama pamoja, kila mmoja na lake, tukacheka mpaka kijana wa mezani akagonga mlango.

Kipimo cha damu kilionyesha mstari mmoja, yaani hakikuona virusi. Akaniambia hilo halitoshi bado, kwamba virusi vinaweza kujificha mwanzoni, nirudi baada ya wiki sita, na tena baada ya miezi mitatu. Mimba haikuwepo, damu yangu ilikuja wiki iliyofuata.

Miezi hiyo mitatu baba alinipikia. Hakuwahi kupika vizuri, bukari yake ilikuwa na madonge, lakini kila mchana alizima mashine akaenda jikoni. Hakuniuliza chochote. Mara moja tu nilimkuta ameshika cherehani yangu, anatia mafuta kwenye mpini ambao haukuhitaji mafuta.

Yule mchimbaji nilimtumia ujumbe, kwa sababu niliona ni haki ajue: “Nilienda kupima. Na weye uende.” Alijibu kwamba namletea mkosi. Nikasoma, nikaweka simu chini, nikaendelea kushona sare za shule, maana ulikuwa msimu wake.

Kipimo cha wiki sita kilikuwa salama. Siku chache baadaye, mchana, nilimwona yule mchimbaji amesimama getini. Alikuwa na kofia mkononi. Baba alikuwa ameinama juu ya dirisha, akainua miwani yake, akamtambua. Nilishika meza. Baba akavuta kiti kwa mguu, akakisukuma upande wangu wa ua, akashusha miwani, akaendelea na cheche zake. Hakumsalimia.

Mchimbaji akaketi. Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nyingi hadi imekuwa ndogo kama kiberiti.

“Nilienda,” alisema. “Ku Kambove. Banasema niko nayo.”

Karatasi ilikuwa kwa Kifaransa na haikuwa na mengi. Alitaka niisome, nafikiri alitumaini kwamba nitaona humo kitu kingine. Niliisoma mara mbili. Walimpima kwa vipimo zaidi ya kimoja, vyote vilikubaliana. Nikamwambia ndivyo ilivyo.

Alianza kulia, bila sauti, mikono juu ya magoti yake ya suruali ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeyatia viraka. Nilikuwa na hasira naye. Nilikuwa na hofu pia, mwili mzima, maana hadi dakika hiyo nilijiambia kwamba pengine hana. Vyote viwili vilikuwepo, lakini mtu alikuwa analia kwenye kiti cha wateja wangu, na hakuwa amemwambia mtu mwingine.

“Nitakufa,” alisema.

“Hapana. Kuko dawa. Ni kila siku, bila kuacha. Unafanya kazi, unaoa, unazaa. Ukizinywa muzuri, virusi vinapunguka mpaka mashine haivione tena. Hapo hauwezi tena kumupa muntu.”

“Nani alikwambia?”

“Papa yangu. Na muuguzi mumoja.”

“Na weye?”

“Wiki sita niko salama. Inabakia kipimo kimoja.”

Akaficha uso. “Nilisema uko safi,” alisema. “Sikujiuliza juu yangu.”

Nilimuuliza kama ameanza dawa. Alisema walimwambia aanze siku ileile, akakimbia. Alitaka aanzie mahali ambapo wachimbaji wenzake hawatamwona. Nikamwambia nitampeleka kwa muuguzi wangu. Nilichukua magongo, na kwa mara ya kwanza tulitoka getini pamoja. Alitembea kando yangu barabarani, kwa mwendo wangu, ambao si wa haraka, mbele ya wauza makaa na magari ya madini na watu wote wa kambi. Mahali penye mtaro alisimama akauliza, “Nikushike?” Nikasema, “Ushike gongo hili tu,” akalishika hadi nilipovuka.

Kipimo cha miezi mitatu kilikuwa mstari mmoja. Muuguzi alinionyesha, halafu akafungua mlango akamwita baba, kwa ruhusa yangu. Baba aliutazama ule mstari kama anavyotazama mshono wa chuma, akiukaribisha kwenye mwanga, akiugeuza. Alitoa leso, akapenga kamasi, akauliza kitanda kile cha kupimia, nilichomsimulia, kina kimo gani. Juma lililofuata alileta ngazi ya vipandio vitatu, yenye mahali pa kushika pande zote mbili. Hakutaka shukrani. Alisema vyuma vilikuwa mabaki tu.

Mchimbaji hakunioa, na sikutaka anioe. Lilikuwa limekwisha jambo moja likaanza jingine, ambalo mpaka leo sina jina lake zuri. Alioa miaka michache baadaye, mwanamke anayejua kila kitu, na wana mtoto ambaye hana virusi. Nilimshonea mtoto huyo nguo za ubatizo. Mume wangu nilimpata baadaye, mwalimu wa shule ya msingi, mtu anayezungumza sana asubuhi. Kabla ya chochote nilimwambia tukapime, akasema, “Bien, kesho?” Nikajua tutaelewana.

Muuguzi alipokaribia kustaafu aliniomba kitu. Alisema vijana wenye ulemavu hawaji kituoni, na wakija wanaletwa na mama zao, na mama zao ndio wanaozungumza. Aliniomba niwe naketi nao Alhamisi alasiri, katika chumba cha nyuma. Nilikataa mara mbili. Mimi ni mshonaji, nilimwambia. Akasema baba yako naye alikuwa mchomeleaji.

Basi ninaketi nao. Wa kwanza walikuwa watatu. Mmoja ni kijana kipofu anayeuza kadi za simu, aliyetaka kujua, bila aibu yoyote, jinsi ya kutambua kapoti iliyopitwa na muda kama huwezi kusoma tarehe. Sikujua. Tulitafuta pamoja. Unaibonyeza pakiti usikie kama bado ina hewa ndani, unapapasa kama imetoboka, na tarehe unamuuliza unayemwamini au muuzaji. Akasema, “Na kama ninayemwamini njo nalala naye?” Tukacheka wote. Mwingine ni msichana kiziwi aliyekuja na mdogo wake wa kumtafsiria. Tuligundua haraka kwamba kuna mambo hawezi kuuliza kupitia mikono ya mdogo wake, kwa hiyo nikaanza kujifunza ishara zake mwenyewe. Ninakosea bado. Wiki moja nilitaka kusema “dawa” nikasema “mbuzi”, na amekataa kunisamehe.

Mama wengine wananijia kwa hasira. “Mutoto wangu eko kama malaika, mambo hii utamufungua macho bure.” Siwakatazi kukasirika. Ninawaambia waketi, ninawapa maji, ninawaambia niliachwa nje nilipokuwa na umri wa mtoto wao, na nini kilifuata. Wengine wanaondoka naye. Wengine wanamwacha, wanakaa kwenye ngazi za nje na kusubiri, kama baba.

Baba amezeeka. Macho yake yameharibiwa na cheche, hachomelei tena. Anakaa uani kwetu na wanangu wawili, anawafundisha majina ya vyuma. Nilimwuliza hivi karibuni kama aliona haya siku ile kwenye foleni ya wajawazito. Alifikiri.

“Niliona sana,” alisema. “Mama mumoja aliniuliza niko na miezi ngapi.”

Alhamisi iliyopita alikuja msichana mfupi sana wa kimo, wa miaka kumi na saba, na mama yake. Mama alizungumza kwa muda mrefu juu ya mgongo wa binti na sala walizofanyiwa. Halafu akasema ana kiu, akatoka kutafuta maji. Nafikiri alijua anachofanya. Msichana alisubiri hatua zake zipotee kwenye korido, akasogeza kiti chake hadi magoti yetu yakagusana.

“Tantine,” alisema, yaani shangazi, “kama muntu anakupenda kweli, na weye unamuogopa kidogo, unamwambiaka namna gani?”

Nikaanza kumjibu, kwa mstari ule ambao kadibodi ya baba haikuwa nao. Lilikuwa jibu refu, na kabla sijafika katikati mvua ilianza kupiga mabati, ikabidi tuinamishe vichwa ili tusikiane.